Nondo Wawili na Mbegu za Eufrasia

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nimeingia ghalani mwa marehemu. Mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu Eufrasia, mwezi Februari. Sikupaswa kuingia. Hapa Huayllapata mwanamume haingii kwenye ghala la mbegu. Husimama mlangoni, akapewa kinachotoka. Mbegu ya kiazi ni mtoto, wanasema, na mtoto hulelewa na mama. Nilifundisha shule ya kijiji hiki miaka thelathini na minne na sikuwahi kulikubali jambo hilo. Ila sikuwahi kuingia pia. Eufrasia alikuwa na mkono mzito.

Aina thelathini na moja! Kila aina na mahali pake, kila mahali na jina. Unyayo wa Puma. Ulimi wa Ng'ombe. Mliza Mkwe, ule wenye vifundo vingi ambao msichana humenya mbele ya mama mkwe, naye humenya huku akilia. Eufrasia alizirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mamaye. Neno la mwisho alilolisema kwa sauti ya kusikika lilikuwa kwamba zimfikie Nilda. Binti yetu anaolewa Oktoba, mwezi wa kupanda. Bibi arusi asiye na mbegu ya mama yake ni mgeni shambani mwake mwenyewe.

Chini ya viazi nimekuta unga wa kahawia. Vitundu. Nikapasua kimoja: kiwavi mnene, ametulia kama karani. Viazi vinne vimetobolewa. Kesho vitakuwa vingapi?

Sijamwambia Gumercinda. Huyu ni mdogo wake marehemu, tunapakana ukuta kwa ukuta, na tangu matanga anataka ghala lote lihamie kwake. Amesema mbele za watu kwamba mgane na mbegu ni kama mbwa na kitabu. Watu walicheka. Akisikia habari ya viwavi, hoja yangu imekwisha. Basi nitawashinda wote wawili, kiwavi na shemeji.

Jumatano, 7 Agosti

Bwana shamba wa wilaya amekuja shuleni kutufundisha. Tena kuhusu viwavi! Amechora mlima mzima ubaoni, kuanzia bonde la Mayubamba hadi nyika ya juu. Akaeleza kwamba kiwavi ni mtoto wa nondo, na nondo hajichagulii pa kukaa. Joto ndilo humchagulia. Kule bondeni, kwenye joto, nondo huzaa, na wanawe wakazaa, upesi upesi. Mpandishe baridini: yai lake hukawia, kiwavi wake hudumaa. Mpandishe zaidi: ukoo unakatika. Zamani nondo wa bondeni hakufika hapa kwetu. Milima imepata joto, naye akapanda nalo. Nimenakili yote kwa mwandiko mzuri.

Yote ya upande wa kushoto. Upande wa kulia wa ubao ulizibwa na kofia ya Gumercinda, nyekundu, pana kama sinia, imezungushiwa shada. Nilimwomba aivue. Akajibu bila kugeuka kwamba aliyechelewa hula ukoko, na kama mwalimu anataka kuona, awahi, kama alivyokuwa akiwachapa wanafunzi ili wawahi. Kicheko tena.

Sikusisitiza. Mtu aliyesoma, nusu ya somo inamtosha. Nusu ya pili huijaza mwenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti

Nieleze kwa utaratibu, maana huenda siku moja shajara hii ikasomwa na watu wenye subira.

Kipimajoto nilichopewa nilipostaafu kinaonyesha kwamba ghala la marehemu lina nyuzi kumi na nne mchana. Kijiji chetu kiko mita elfu tatu na mia nne juu ya bahari. Mtu akipanda mita mia moja, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu uzi. Yanaorqo, anakochunga kompadre wangu Ciriaco, ni mita elfu nne. Tofauti ni mia sita. Nyuzi nne hizo, kasoro kidogo. Kwa hiyo nikizihamishia mbegu Yanaorqo, nondo wa bondeni atakuta nyuzi kumi. Atadumaa. Ukoo utakatika. Hoja safi kama maji ya chemchemi.

Ciriaco Choquehuanca ndiye baba wa ubatizo wa Nilda. Ana alpaka wengi wa sufu, lama wachache wa mizigo, na kibanda kitupu cha mawe. Leo alishuka kubadilisha nyama kavu kwa mahindi, nikamwomba lama watano na hicho kibanda. Akauliza mzigo gani. Nikasema viazi. Akashangaa ni viazi gani vinapanda mlima mwezi wa nane, wakati viazi vyote vyenye akili vimeshashuka. Nikamjibu kwamba ni jambo la kisayansi. Akatafuna majani yake ya koka kwa muda mrefu, kisha akasema sayansi haina uzito, lama wataiweza.

Sikumwambia kwamba ni mbegu. Kompadre ana mke, na mke ana mdomo.

Jumapili, 11 Agosti

Gumercinda kaenda gulioni. Siku yenyewe!

Nimetoa mbegu zote kabla ya saa tatu. Zilikuwa zimelazwa kati ya matabaka ya munya, ule mnanaa wa mlimani ambao wanawake huutandika ili wadudu wachukie harufu. Nimeuacha sakafuni. Munya ni imani. Baridi ni kanuni.

Lama hukubali kilo ishirini na tano. Hilo nalijua, nimelifundisha. Lakini mizigo ilikuwa sita na lama watano, nikagawanya ule wa sita juu ya wote. Wanne walivumilia. Wa tano alilala chini. Alilala hasa mbele ya lango la Gumercinda! Nilimsihi, nikamsukuma, nikamwimbia wimbo ambao Ciriaco huwaimbia. Akanitemea mate kifuani. Mwishowe nilijitwika ile ziada mimi mwenyewe, na miaka yangu sitini na minane, ndipo mnyama akasimama kwa heshima zote na kunifuata.

Saa tano za kupanda. Saa kumi jioni mbegu zote zimo kibandani. Paulina, mke wa Ciriaco, alinipa supu ya kondoo, akauliza mbona viatu vyangu vinatetemeka. Nikamwambia ni upepo.

Eufrasia, mama Nilda, zimefika salama.

Jumanne, 13 Agosti

Gumercinda amejua. Alikwenda kuchungulia ghala, akakuta munya umetupwa na viazi havipo. Akaja uani kwangu. Hakuingia, alisimama langoni ili mtaa mzima usikie.

Alisema mengi. Kwamba hata mwizi humwachia maskini mbegu. Kwamba mwezi wa Agosti ardhi iko wazi na ina njaa, na mimi nimehamisha watoto wake bila hata kumwagia tone la pombe ya mahindi. Kwamba dada yake angekuwa hai ningeshikwa sikio. Nilimsikiliza kwa uvumilivu. Kisha nikamweleza habari ya mita mia na nusu uzi. Nikamchorea mlima mavumbini kwa fimbo.

Akautazama mchoro. Akauliza, "Na huyo nondo, shemeji, naye kausoma?"

Nikamwambia kwamba nondo hana haja ya kusoma, anatii tu. Akasema basi amenishinda, maana mimi nimesoma na sitii. Akaondoka.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimepanda Yanaorqo kukagua. Nilitegemea kukuta maiti za viwavi.

Kibandani: nyuzi kumi kamili. Hesabu yangu haikukosea hata chembe! Na ukutani, karibu na kipimajoto, nondo. Mzima. Nilimgusa kwa ncha ya kalamu, akaruka, akatua juu ya Unyayo wa Puma kama mwenye nyumba. Nikamchunguza. Kwenye bawa ana alama nyeusi ya pembetatu. Wa bondeni, kwa jinsi nilivyonakili, hana pembetatu; ana vitone tu.

Basi huyu ni nani?

Nikavigeuza viazi kimoja kimoja. Vilivyotobolewa sasa ni arobaini na kimoja. Aina moja, nyeusi, ndogo, ambayo Eufrasia aliiita Jicho la Kondoo, imebaki viazi vitatu vizima. Nilikaa sakafuni. Paulina alipita mlangoni, akauliza kama naumwa. Nikasema napumzika.

Jumanne, 20 Agosti

Mwalimu wa sasa wa darasa la tano alinakili ubao wote, kwa kuwa aliketi mbele. Nimemwomba karatasi yake kwa kisingizio kwamba nataka kusahihisha mwandiko. Nimeusoma upande wa kulia.

Nondo ni wawili. Ndugu, wa ukoo mmoja, wanaofanana kama watoto wa mama mmoja waliolelewa nyumba tofauti. Wa kwanza anapenda joto. Wa pili hapatani na joto kali. Baridini ndiko kwao, na anaweza kukaa hadi mita elfu nne. Anapoishia huyu ndipo anapoanzia yule. Mpaka wao hauna ukuta wala mto, ni joto tu, na joto linasogea. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: HUAYLLAPATA WAKO WOTE WAWILI.

Nimesoma mara tatu. Nilizitoa mbegu kwenye nyumba yenye wezi wawili, nikazipeleka kwenye nyumba anayoipenda mmoja wao. Na yeye mwenyewe nilimchukua akiwa bado kiwavi ndani ya mzigo. Sehemu ya njia nilimbeba mgongoni.

Ningemwambia Gumercinda leo? Ningeweza. Alikuwa uani kwake, anapeta shayiri. Aliinua mkono kunisalimu. Nikapunga, nikaingia ndani.

Nina wazo lingine.

Ijumaa, 23 Agosti

Yanaorqo, saa kumi na moja jioni. Naandika nje, nimejifunika blanketi la Ciriaco. Yeye yuko mbali malishoni, pamoja na alpaka.

Nimezitandaza mbegu zote, aina zote, juu ya nyasi fupi mbele ya kibanda. Hoja ni hii. Nondo wa pili anavumilia ubaridi, lakini ubaridi si barafu. Kiwavi ni mwembamba, kiazi ni kinene. Kitu chembamba hupoa kwanza. Kwa hiyo kuna kipindi kifupi, joto likikaribia sifuri, ambapo kiwavi amekufa na kiazi hakijajua bado. Hicho ndicho kipindi changu. Kipimajoto kinasema nyuzi nne. Kikifika moja nitazikusanya zote na kuziingiza ndani. Sina wasiwasi. Nimeweka magunia tayari.

Wakati nasubiri, nieleze kwa nini njia hii haijagunduliwa na mtu mwingine. Kwanza, watu wetu wameuzoea mno umande wa barafu, hawautazami tena kwa udadisi. Pili, wanawake ndio hushika mbegu, na mwanamke haikaribishi mbegu kwenye barafu kwa sababu mama yake alimkataza. Tatu,

Jumamosi, 24 Agosti

Nililala kwenye tatu.

Nimeamka jua likichomoza. Uwanja mweupe. Nyasi nyeupe, magunia meupe, kofia yangu nyeupe. Nimekiokota kiazi kimoja, Ulimi wa Ng'ombe, nikakigonga juu ya jiwe. Kililia kama jiwe.

Kipimajoto: saba chini ya sifuri.

Labda havijafa! Mwili ukigandishwa polepole na kuyeyushwa polepole, nimesoma mahali. Lazima nimuulize bwana shamba, na simu haishiki huku juu. Nashuka sasa hivi. Nimemwomba Paulina asiviguse wala asivihamishe, aviangalie vizuri, hasa alpaka wasije wakavikanyaga. Akaniambia niende kwa amani, yeye anajua namna ya kuangalia viazi.

Jumanne, 27 Agosti

Nitaandika yaliyotokea, na sitaeleza.

Bwana shamba nilimpata kwa simu jana tu. Akasema mbegu iliyoganda si mbegu tena, ni chakula. Nikamuuliza mara mbili, mara ya pili kwa maneno mengine. Jibu lile lile.

Leo nimepanda Yanaorqo. Kabla sijafika kwenye kibanda nikasikia kuimba. Walikuwa watu wanane. Ciriaco, Paulina, ndugu zao wa ng'ambo ya ziwa, mama mmoja mzee niliyemfundisha mjukuu wake. Peku wote. Walikuwa wamevikusanya viazi vya Eufrasia mafungu mafungu, wanavikanyaga polepole, wanageuka, wanakanyaga, maji yanachuruzika nyasini na maganda yanateleza.

Wanatengeneza chunyo.

Na nani angewalaumu? Hapa kwetu viazi vilivyotandazwa kwenye barafu vina maana moja tu. Vigande siku tatu usiku, viyeyuke juani, vikanyagwe vitoke maji, vikaushwe. Chakula kisichooza hata miaka kumi. Hakuna mtu tangu dunia iumbwe aliyelaza mbegu kwenye barafu, basi wangejuaje? Walimwona mgane mzee, msimu unakwisha, hana mke, hana binti karibu, hana mguu wa kumkanyagia. Wakaitana.

Paulina akanikimbilia huku anafuta uso. "Kompadre! Umechelewa, tumekaribia kukumalizia. Usitushukuru, siku yetu ikifika nawe utatukanyagia."

Niliwashukuru. Mmoja mmoja, kwa jina. Nilivua viatu nikaingia kwenye mstari, kwa kuwa lilibaki fungu moja na ingekuwa aibu kusimama kando. Viazi vilikuwa baridi na laini, vikapasuka chini ya unyayo. Nilikanyaga hadi mwisho.

Ciriaco ndiye aliyegundua. Aliinama, akaokota kimoja kilichopondeka nusu, akakigeuza. Vifundo vingi. Mliza Mkwe. Ilimchukua muda. Akanivuta kando, akauliza kwa sauti ya chini sana kama hii si mbegu ya mama Nilda. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia niliogopa mdomo wa Paulina. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anacheka na yule mama mzee, miguu yake imekuwa myekundu kwa baridi.

"Usimwambie leo," akasema Ciriaco. "Mwache amalize furaha yake."

Jumatano, 28 Agosti

Nimemwambia Gumercinda.

Nilikwenda asubuhi, nikasimama langoni kwake kama yeye alivyosimama kwangu. Nilitaka asimame, apige kelele, mtaa usikie. Hakusimama. Alikuwa anasokota sufu. Kijiti cha kusokotea kikaendelea kuzunguka hadi nilipomaliza, ndipo akakishika.

Kisha akaniambia nije, nisimame mlangoni mwa ghala, nisivuke. Akafungua ghala lake mwenyewe. Kumbe kila mwaka wakati wa kupanda, yeye na dada yake walikuwa wakipeana, kila mmoja akimwekea mwenzake akiba ya kile alichonacho, maana mvua ya mawe haipigi mashamba yote siku moja. Miaka arobaini niliishi na mwanamke yule na sikujua. Sikuwahi kuuliza, nilikuwa mlangoni, napokea kinachotoka.

Akaanza kunionyesha kutoka ndani, akitaja jina kila alipoinua mkono. Unyayo wa Puma upo. Ulimi wa Ng'ombe upo. Mliza Mkwe upo. Aina ishirini na nne zipo, zimelala kwenye munya, zimetoa macho mafupi ya zambarau. Hazina tundu.

Aina saba hazipo. Hizo alikuwa nazo Eufrasia peke yake, hazikupenda udongo wa Gumercinda. Alizitaja polepole nami nikaandika. Jicho la Kondoo. Damu ya Mwewe. Goti la Bibi. Mvua ya Usiku. Mkufu. Jivu la Moto. Ya saba hakuikumbuka jina. Tulisimama pale, yeye ndani na mimi nje, tukijaribu kuikumbuka. Aliikumbuka rangi tu, njano iliyopakana na nyekundu.

Nilitegemea aniite mbwa. Akaniita Hermógenes, jina ambalo halijawahi kutoka mdomoni mwake, akasema niende nikale.

Alasiri nilimpigia Nilda. Nilimweleza tangu mwanzo, pamoja na nyuzi. Akauliza chunyo imetoka magunia mangapi. Nikasema mawili. Akasema iletwe yote arusini. Watu wote waile, mpaka watoto, kwa sababu ndani yake zimo zile saba, na hakuna atakayezila tena. Akaanza kulia, nami nikashika simu hadi alipoacha.

Jumapili, 1 Septemba

Gumercinda amekuja leo na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake viazi ishirini na vinne, kimoja cha kila aina aliyo nayo. Nyingine zote atamkabidhi Nilda yeye mwenyewe. Hivi ni vyangu, akasema, nivipande kwenye kipande cha nyuma ya jiko, nivitazame vikiota, nijifunze taratibu. Mpaka mwezi wa kupanda niviweke penye giza, juu ya munya, nisivipeleke popote. Akarudia: popote. Nikamwahidi. Nilikuwa na machozi, sioni aibu kuliandika.

Nimeviweka mezani. Nimevitazama tangu misa ilipotoka.

Sasa nieleze. Kosa langu halikuwa katika hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi hadi uzi wa mwisho. Kosa lilikuwa katika mwelekeo. Mwenye pembetatu anapenda ubaridi, na jikoni kwangu, ambako sasa nimemwona juu ya dirisha, nyuzi ni kumi na tatu. Huku atavimaliza. Lakini karatasi inasema wazi kwamba hapatani na joto kali. Kule Mayubamba ni mita elfu mbili na mia tano. Mita mia tisa chini yetu! Nyuzi tano zaidi, karibu sita. Binamu yangu ana chumba huko, nyuma ya tanuri la mikate. Hakuna nondo mwenye pembetatu atakayethubutu kukanyaga.

Kuhusu yule wa vitone, anayeishi huko, huyo nimeshamsoma. Nina upande wake wote wa ubao, kwa mwandiko mzuri.

Gumercinda anakwenda gulioni Jumapili ijayo. Nimemtumia Ciriaco salamu, aniazime lama mmoja, mpole. Viazi ni ishirini na vinne tu, hatalala chini.